Rumion mpya kwa mkopo, au Fielder ya Japani yenye cheti?

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu hapa Dodoma, mume wangu ana duka. Tuna watoto watatu, wa mwisho ana miaka mitatu, na mama mkwe husafiri nasi sikukuu za Idi kwenda Kondoa. Tumeweka akiba milioni 40. Mume anataka Toyota Rumion mpya. Bei tuliyopewa ni milioni 78, na benki iko tayari kutukopesha milioni 50 kwa miaka mitano, riba asilimia 17. Mimi nimeona Corolla Fielder ya 2016 kwenye yadi moja Dar, kilomita 68,000, milioni 33. Muuzaji anasema imethibitishwa, ina vyeti vyote na waranti ya miezi mitatu. Mume anasema cheti cha gari lililotumika ni karatasi tu. Nani yuko sahihi?"

Dada, mumeo yuko sahihi kuhusu karatasi na wewe uko sahihi kuhusu gari. Kwa familia yenu na fedha mlizonazo, ningekuwa mimi ningechukua Fielder. Ila si lazima iwe hiyo ya milioni 33, na hilo neno "imethibitishwa" nisingelilipia hata shilingi kabla ya kujua imethibitishwa na nani, lini, na nani atatoa fedha gari likiharibika.

Nianze na mkopo, maana huko ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Milioni 50 kwa riba ya asilimia 17 inayohesabiwa juu ya deni lililobaki, kwa miezi 60, rejesho lake ni kama shilingi 1,243,000 kila mwezi. Mpaka mnamaliza mtakuwa mmeirudishia benki karibu milioni 74.6. Weka juu yake milioni 28 mtakazotoa mfukoni, Rumion ya milioni 78 inakuwa imewatoka milioni 102 na ushee. Na hapo ni kama riba inapungua pamoja na deni. Benki ikihesabu asilimia 17 ya milioni 50 nzima kila mwaka mpaka mwisho, riba peke yake inafika milioni 42.5 na rejesho linapanda hadi milioni moja na nusu na zaidi kwa mwezi. Mwambieni ofisa mikopo awape jedwali la marejesho lililochapishwa, la miezi yote 60, kabla hamjasaini kitu chochote. Msiridhike na asilimia inayotajwa mdomoni.

Halafu kuna bima. Gari la mkopo litadaiwa bima kubwa kwa miaka yote mitano. Kwa gari binafsi bei huzunguka asilimia 3.5 ya thamani, kisha VAT juu yake. Kwa gari la milioni 78 hiyo ni kama milioni 3.2 kwa mwaka wa kwanza. Kwa Fielder ya milioni 33 ni chini kidogo ya milioni 1.4, nami ningewashauri muikate hiyo bima kubwa hata kama hakuna benki inayowalazimisha.

Sisemi gari jipya ni anasa. Lina jambo moja ambalo Fielder yoyote ya yadi haiwezi kuwapa: mnajua historia yake yote, kwa sababu historia hiyo inaanza na nyinyi. Hakuna aliyewahi kuliendesha likiwa limechemka, hakuna aliyewahi kulitumbukiza mtoni. Waranti ya Toyota mpya huku kwetu kwa kawaida ni miaka 3 au kilomita 100,000, chochote kitakachotangulia, kwa sharti kwamba sevisi zifanyike kwa wakala. Na kwa njia ya vumbi ya kuingia kijijini baada ya lami ya Kondoa, Rumion ina faida ya wazi: tumbo lake liko kama sentimita 18 kutoka ardhini, wakati Fielder ya kawaida ni 15 na kidogo. Sentimita hizo chache utazihisi kila mkikuta mfereji uliochimbwa na mvua, hasa gari likiwa limejaa.

Sasa viti, ambavyo nadhani ndivyo vimemvuta mumeo. Rumion ina saba, Fielder ina vitano, na nyinyi mkiwa na bibi ni sita. Hapo Fielder inashindwa, na sitaki ujidanganye kwamba mtoto atapakatwa. Ila angalia na upande wa mizigo. Rumion ikiwa imesimamisha viti vyote saba, buti linabaki na nafasi ya lita 209 tu. Fielder yenye watu watano ina lita 407. Watu sita, mabegi ya Idi, mchele na zawadi za watu wa Kondoa haviingii vyote kwenye Rumion labda mfunge vingine juu ya paa. Kwa hiyo mnaongeza zaidi ya milioni 60 kwa ajili ya safari mbili za mwaka ambazo hata hivyo mtabanana. Mpelekeni bibi kwa basi zuri, au mkodi gari kubwa kwa siku hizo. Hata mkimkodia la heshima kabisa mtabaki na fedha.

Kuna jambo lingine kuhusu Rumion ambalo watu wengi hawalijui kwa sababu ya nembo. Rumion ni Suzuki Ertiga, inatengenezwa India, Toyota wameweka jina lao. Si vibaya, injini ni ya kuaminika na haili mafuta. Lakini Julai 2024 shirika la Global NCAP, linalopima usalama wa magari yanayouzwa Afrika, lilitoa matokeo ya Ertiga: nyota moja kati ya tano kwa watu wazima, nyota mbili kwa watoto. Aliyepimwa ni Ertiga, si Rumion, na vifaa hubadilika kutoka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo muulizeni wakala hiyo mnayouziwa ina eabegi ngapi na ina mfumo wa kuzuia gari lisiteleze au haina. Ninachotaka mumeo akiondoe kichwani ni wazo kwamba jipya maana yake ni salama zaidi. Fielder ya kizazi hiki, iliyoanza Mei 2012, ilitoka kiwandani na mfumo huo wa kuzuia kuteleza, na nyingi za kuanzia 2015 zina kamera ya mbele inayosaidia kufunga breki. Eabegi za pembeni zilikuwa za kuagiza kwa malipo ya ziada, hivyo tazama ubavuni mwa kiti cha mbele kama kuna kibandiko cha SRS. Viti vya nyuma vya pembeni vina vishikizo vya chuma vya kufungia kiti cha mtoto. Mwenye miaka mitatu afungwe humo, hata safari ikiwa ya sokoni.

Tuje kwenye vyeti. Muuzaji akisema "vyeti vyote" huwa anachanganya makaratasi ambayo kila moja linajibu swali tofauti.

La kwanza ni cheti cha ukaguzi wa gari linaloingia nchini. Hiki kinasema kwamba siku ile, mkaguzi alitazama breki, taa, stelingi, tairi, kutu ya chini na namba ya chesisi, akaridhika kwamba gari linafaa barabarani. Basi. Hakuna aliyefungua injini, hakuna aliyepima giaboksi, na hakuna anayekuahidi kitu chochote kuhusu kesho. Soma tarehe yake. Gari linaweza kuwa limekaguliwa, likakaa wiki kadhaa baharini, likakaa bandarini, kisha likapigwa na chumvi ya hewa ya Dar mwaka mzima kwenye yadi. Linganisha namba ya chesisi kwenye cheti na ile iliyogongwa kwenye chuma cha gari lenyewe, tarakimu kwa tarakimu.

La pili ni karatasi ya mnada. Magari mengi ya Japani yanayokuja kwetu hupitia minada ya wafanyabiashara, na USS ndiyo kampuni kubwa kuliko zote. Mkaguzi wa mnada hulipatia gari alama: 5 na 4.5 ni zuri sana, 4 ni zuri, 3.5 lina makovu ya kawaida. Ukiona R au RA, gari hilo liliwahi kupata ajali iliyogusa mifupa yake, likarekebishwa. Kuna pia mchoro wa gari wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipofanyiwa ukarabati wa bodi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Boneti lenye XX pamoja na fenda yenye XX upande uleule linakusimulia ajali hata kama alama ya juu imeandikwa 4. Karatasi hii ndiyo yenye ukweli mwingi zaidi, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo inayoghushiwa zaidi. Usikubali picha iliyokatwa juu au yenye ukungu kwenye kilomita. Kuna huduma za kulipia mtandaoni zinazotafuta karatasi halisi kwa namba ya chesisi. Gharama yake ni ndogo, ilipe, na uifanye mwenyewe badala ya kumwachia muuzaji akuletee majibu.

La tatu hujalitaja, na mimi ndilo ningelidai kwanza: hati ya Kijapani ya kufuta usajili ili gari lisafirishwe nje. Japani gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita huandikwa. Kwa gari la 2016 maana yake ukaguzi uliangukia 2019, 2021, 2023 na kuendelea. Kilomita za ukaguzi wa mwisho huwa zinaonekana kwenye hati hiyo. Dashibodi inasema 68,000. Kama hati ya 2023 ilisema 91,000, mazungumzo yameisha, chukua mkoba wako uondoke. Wajapani huandika mwaka kwa zama za mfalme, kwa hiyo usishtuke ukiona Heisei 28, ndiyo 2016, na Reiwa 5 ni 2023. Muuzaji atakuambia hati ilibaki TRA wakati wa usajili. Inawezekana kabisa. Lakini aliyeingiza gari kihalali ana nakala.

Halafu ndiyo waranti ya yadi. Huko Marekani, ambako biashara ya magari yaliyotumika yenye uthibitisho imekomaa, Toyota iliyothibitishwa na Toyota wenyewe kwa daraja la dhahabu (Gold) hupitia ukaguzi wa vipengele 160, na injini pamoja na giaboksi hubaki na waranti ya miaka 7 au maili 100,000 tangu gari lilipouzwa mara ya kwanza likiwa jipya. Anayebeba deni ni aliyelitengeneza. Na hata huko mambo hayakunyooka: Januari 2016 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na General Motors kwa sababu magari yaliyotangazwa kuwa yamekaguliwa kwa makini yalikuwamo yenye kasoro za usalama zilizoagizwa kurekebishwa na bado hazijarekebishwa. Sasa pima na yadi yako. Anayebeba deni hapo ni mtu mmoja na muhuri wake. Mwombe akuandikie ni vifaa gani vinahusika, kama ni kurekebisha au kurudisha fedha, nani analipa fundi, na nani analipa gari la kuvuta kutoka Dodoma, maana ni kilomita 450 hivi mpaka Dar. Akikataa kuandika, hesabu kwamba waranti haipo na upunguze bei hapo hapo. Mara nyingi punguzo la milioni moja lina faida kwako kuliko miezi mitatu ya maneno.

Huenda muuzaji, au shemeji mwenye jamaa Japani, atakushauri uagize mwenyewe ya mwaka wa chini zaidi ili iwe rahisi. Hapo ndipo wengi wanaponaswa na kodi. Chukua gari la kati ya cc 1000 na 2000 ambalo TRA wamelithaminisha milioni 10 likifika bandarini. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla. Kama halijafika miaka 8, kodi hizo ni kama milioni 5.5. Likiwa na miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, jumla inafika milioni 7.7. Likipita miaka 10 uchakavu ni asilimia 30, na unalipa milioni 9.9, karibu sawa na gari lenyewe. Hapo sijagusa tozo ndogondogo za reli na za forodha. Na TRA hutumia thamani iliyomo kwenye mfumo wao. Ankara yako ya bei ya kutupa haiwasumbui. Kikokotoo kipo wazi kwenye tovuti yao, weka modeli na mwaka uone kabla ya kutuma dola. Wenzetu wa Kenya hawana hata hiyo nafasi: gari lililopita miaka 8 haliingii.

Ukifika yadi, nenda na fundi wako mwenyewe, asiyejuana na muuzaji, mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Fikeni asubuhi na mwombe mapema gari lisiwashwe. Injini iliyokwisha kupashwa moto inaficha mengi. Washa swichi: taa ya eabegi lazima iwake kisha izime. Isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho. Tope au madoa ya maji huko chini ni alama ya mafuriko. Ingia chini ya gari, maana magari ya kaskazini mwa Japani huendeshwa kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na kutu yake haionekani ukiwa umesimama. Na tairi: ukikuta laini zenye vijimistari vingi kama wembe, hizo ni za theluji. Kwa joto na lami ya Dodoma hazifai.

Giaboksi ya Fielder hii ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua. Iendesheni kwenye mlima na kwenye foleni. Ikitetemeka inapoondoka au ikilia kwa sauti nyembamba inayopanda, acheni. Muulize muuzaji ilibadilishwa oili gani. Jibu linalotakiwa ni Toyota CVT Fluid FE. Fundi anayesema "ATF yoyote inafaa", yaani oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, anaua giaboksi, na nimeona nyingi zilizouawa hivyo.

Angalia pia mwanzo wa namba ya chesisi. NZE161 na NRE161 ni injini za kawaida za 1.5, chukua hizo. NKE165 ni haibridi, inayotumia petroli pamoja na umeme. Haibridi ni gari zuri, lakini ya 2016 inaweza kuwa na betri kubwa yenye umri sawa na gari lenyewe, na Dodoma mafundi wa kuipima vizuri bado ni wa kutafuta. Ukikuta yadi imeifanya bei iwe chini kidogo kuliko ya kawaida, usifurahi haraka. Redio ya Kijapani itakusumbua pia, masafa yake yanaishia chini ya baadhi ya vituo vyetu, lakini hiyo fundi redio anaimaliza kwa fedha kidogo.

Kama gari likipita yote hayo, mtabaki na milioni 7. Msizile. Oili zote, mafuta ya breki, betri ndogo, tairi nne na pengine shokapu za nyuma vitachukua sehemu kubwa ya fedha hiyo katika miezi ya mwanzo, na ni afadhali muvibadilishe kwa hiari yenu kuliko njiani.

Mumeo bado ana njia moja ya kunishinda. Mwambie aende kwa wakala yuleyule aliyempa bei ya milioni 78 aulize kama wana Rumion ya miaka miwili au mitatu waliyoirudisha kwa kubadilishana, yenye kitabu cha sevisi kilichogongwa mihuri na waranti ambayo haijaisha. Hiyo ndiyo iliyothibitishwa kweli, kwa sababu aliyeikagua ndiye aliyeiuza ikiwa mpya na ndiye mtakayemrudia ikiharibika. Ikipatikana kwa bei inayohitaji mkopo wa milioni 10 au 15 badala ya 50, nitakaa kimya kuhusu nyota na kuhusu buti, na bibi apate kiti chake.

Mkiamua ni Fielder, malipo yaende benki, kwenye akaunti yenye jina la kampuni inayoonekana kwenye risiti, si kwenye simu ya dalali. Mkataba uandikwe namba ya chesisi na kilomita za siku hiyo. Kama limeshasajiliwa, hakikisheni jina kwenye kadi ni la huyo anayewauzia, na sehemu ya mwisho ya fedha itoke pale umiliki unapohamishwa TRA, mkiwa mnaona.